Albamu ya pili haiangushwi na mistari, inaangushwa na biti

Mjadala wa hip hop ukikolea lazima utafika pale pale, kwamba fulani albamu ya kwanza alifunika halafu ya pili akapotea, na sababu inayotolewa huwa ni ile ile miaka nenda rudi, eti kapata hela, kahama mtaa, njaa imeisha. Mi hii hoja ya njaa siikubali kabisa. Ni hoja nyepesi, mtu anaitoa bila hata kurudi kusikiliza kilichobadilika kwenye ngoma zenyewe. Ukirudi ukasikiliza kwa utulivu utakuta mara nyingi jamaa anachana vilevile au hata vizuri zaidi, kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye mashine, yaani prodyuza anayetengeneza biti.

Na kama unataka kuliona hilo vizuri usizunguke dunia nzima, nenda Queensbridge tu. Ni majengo ya serikali pale Queens, New York, majengo mengi yanafanana, na ndani ya miaka mitatu zilitoka pale albamu mbili za pili ambazo kila moja inaenda upande wake. Rapa Nas na kundi la Mobb Deep. Mtaa mmoja, ingawa Prodigy wa Mobb Deep alikulia Long Island, umri wanalingana karibu, wanafahamiana, wanashirikishana kwenye ngoma. Mmoja albamu ya kwanza ndio ikawa kipimo cha hip hop yote, wengine albamu ya kwanza hakuna hata anayeikumbuka na ya pili ndio ikawafanya wawe wao.

Tuanze na Nas. Albamu yake ya kwanza, Illmatic, imetoka Aprili 1994, dogo ana miaka 20, dakika kama 40 tu, tracks 10 na ya kwanza ni intro. Watu wanaisifia mistari na wana haki, lakini angalia majina ya waliotengeneza biti: DJ Premier, Large Professor, Pete Rock, Q-Tip, na L.E.S. ambaye ni mtu wa hapo hapo Queensbridge. Watu watano tofauti lakini ukisikiliza unahisi kama wamekaa chumba kimoja, kwasababu wote walikuwa wanatafuta sauti ya aina moja, rekodi za jazz za zamani, ngoma kavu, hakuna makeke. Hata baba yake Nas, Olu Dara, ambaye ni mwanamuziki wa jazz, yumo mle ndani anapuliza cornet, tarumbeta fupi, mwishoni mwa ule wimbo Nas aliomshirikisha rapa AZ. Na hii kitu haikupikwa haraka, Halftime ilishatoka tangu 1992 kwenye muziki wa filamu, kwahiyo ilikuwa inachemka polepole wakati mshkaji wake wa karibu Ill Will ameshauawa mwaka huo huo na wengine wako jela, na ndio maana ngoma kama One Love ni barua kwa waliofungwa na inasikika kama barua kweli.

Kuna sehemu moja mi naipenda sana pale mwanzo wa N.Y. State of Mind. Piano ya Premier inazunguka, nzito, ya kutisha kidogo, na Nas anasikika kabisa anasema hajui aanzeje. Halafu anaanza, na akianza ndio basi tena, vesi inamwagika mpaka unajiuliza anapumua saa ngapi. Ile sentensi ya kusita waliiacha humo humo kwenye rekodi. Prodyuza mwingine angeikata, angesema hapana hii sio safi turudie, Premier akaiacha, na mpaka leo ndio moja ya sehemu zinazokumbukwa kuliko zote kwenye ile albamu. Ndio maana nasema prodyuza sio mtu wa kutengeneza mdundo tu, anaamua nini kibaki na nini kitoke.

Sasa Illmatic pamoja na sifa zote hizo haikuuza kivile mwanzoni, iliishia namba 12 kwenye Billboard, chati ya mauzo ya Marekani, na ilichukua muda mrefu mpaka kufika mauzo ya maana. Kwahiyo kuelekea albamu ya pili watu wanaomsimamia wakasema sasa tunataka hela, na ukiniuliza mi siwalaumu, huyu mtu kaandika albamu inayoheshimika na kila rapa New York halafu wengine wanakula mauzo. Wakaletwa Trackmasters, Poke na Tone, watu wa hiti, walishafanya kazi na LL Cool J na wanajua redio inataka nini. It Was Written ikatoka Julai 1996 ikaenda moja kwa moja namba moja.

Na hapo ndio lawama zilipoanza na hazijaisha mpaka leo. Lakini hebu sikiliza mistari tu, zima akili ya biti kidogo, utaona Nas wa 1996 kwa uandishi hajashuka popote. Chukua I Gave You Power. Wimbo mzima anaongea kama bastola. Sio kwamba anazungumzia bastola, yeye ndiye bastola, anasimulia jinsi anavyoshikwa, anavyofichwa, anavyokutana na silaha nyingine imechoka imechakaa kwa yaliyotendwa nayo, mpaka inafika siku bastola inachoka na kuamua kwamba leo mwenye nayo akivuta sitoi kitu, nitagoma. Inagoma kweli, mwenye nayo anapigwa risasi anaanguka, bastola inaona afadhali yameisha, na hapo hapo mkono mwingine unaiokota. Mtu aliyeandika hivi huwezi kuniambia njaa imeisha. Na ile biti nani katengeneza? DJ Premier. Ndio ngoma pekee ya Premier kwenye albamu nzima, wakati Illmatic alikuwa na tatu.

Halafu sikiliza The Set Up na ile nyingine waliyochana pamoja na Mobb Deep, zote biti za Havoc wa Mobb Deep hao hao, mtoto wa Queensbridge. Zimekaa. Take It in Blood imekaa sana. Nikiwa mkweli hata Trackmasters wenyewe wamefanya kitu kikubwa kwenye The Message, lile gitaa la kwenye wimbo wa Sting limefanya Nas asikike kama mtu aliyezeeka ghafla ndani ya miaka miwili, na ile ngoma mi naiweka sawa na chochote kilichopo Illmatic. If I Ruled the World na Lauryn Hill nayo siigusi, ilikuwa hiti na ilistahili, kachukua wazo la rapa Kurtis Blow la mwaka 1985 akaligeuza likawa la kwake. Tatizo linakuja kwenye Street Dreams ambapo kiitikio kimebeba melodi ya kundi la Eurythmics kama ilivyo, kila mtu anaijua, na Nas anabaki anaimbia juu ya wimbo wa watu badala ya wimbo kuwa wake. Tatizo linakuja kwenye Nas Is Coming, biti ya prodyuza Dr. Dre, na Dre wa 1996 ametoka tu lebo ya Death Row hajajua bado anaelekea wapi kimuziki, jina kubwa kwenye kava lakini ngoma haina maisha. Kwahiyo albamu inaruka ruka, dakika hii uko Queensbridge usiku dakika inayofuata uko kwenye video ya suti za rangi. Rapa ni yule yule!

Sasa geukia Mobb Deep. Hawa madogo wawili Havoc na Prodigy walitoa Juvenile Hell 1993 wakiwa bado kabisa vijana wadogo, na hapa ndipo ile hoja ya njaa inakufa kabisa, kwasababu njaa walikuwa nayo, umri walikuwa nao, mtaa walikuwa nao, na kwenye ile albamu hata DJ Premier na Large Professor wana mkono wao, hao hao wa Illmatic. Na bado ikalala. Lebo ikawaacha. Kwahiyo sio swala la kukodi prodyuza mkubwa tu akupe biti moja ukaondoka nayo.

Kilichotokea katikati ni kwamba Havoc akakaa chini akaishika ile mashine mwenyewe mpaka ikamtii. Wakapata lebo mpya, Loud, na Aprili 1995 ikatoka The Infamous, wote wawili wana miaka 20, na sehemu kubwa ya biti ni za kwao wenyewe huku Q-Tip akiwa pembeni kama kaka mkubwa, ana biti zake tatu mle na alisaidia kunyoosha sauti ya ngoma nyingine. Shook Ones Part II ile piano kila mtu anaijua, lakini ilichukua mpaka 2011 ndipo watu wakagundua imetoka wapi, kumbe ni vipande vya Jessica ya Herbie Hancock ya 1969, wimbo mpole kabisa, Havoc kaukata akaugeuza mpaka ukawa kitu cha kuogofya. Miaka 16 wachimbaji wa sampo, yaani vipande vya rekodi za zamani vinavyotengenezewa biti, dunia nzima wanatafuta hawapati! Prodigy naye juu ya biti kama hizo akapata sauti yake, ile ya kuongea taratibu bila kupiga kelele lakini unaogopa. Juvenile Hell alikuwa anapiga kelele kama kila mtu wa wakati ule.

Kwahiyo ukiziweka pamoja unaona picha. Nas aliwaacha watu waliokuwa wanamsikia akaenda kwa wanaoisikia redio, Mobb Deep wakaacha kuazima masikio ya watu wakatengeneza ya kwao.

Ukitoka nje ya Queensbridge ni yale yale. Rapa Snoop na Doggystyle, albamu yake ya kwanza ya 1993, Dre kakaa juu ya kila sekunde ya ile albamu, ikauza zaidi ya nakala 800,000 wiki ya kwanza. Ya pili, Tha Doggfather, Novemba 1996 Dre hayupo, ameshaondoka Death Row, Tupac kafariki miezi miwili nyuma, Snoop mwenyewe ametoka kushinda kesi ya mauaji mwaka huo huo. Daz na DJ Pooh walijitahidi, namba moja ilifika, lakini kamba iliyokuwa inashikilia vitu vyote haipo. Snoop anateleza vizuri kama siku zote, hana pa kutelezea.

Kundi la A Tribe Called Quest kinyume chake. Low End Theory, albamu yao ya pili ya 1991, ni bora kuliko ya kwanza na wapishi ni wale wale, ila wakapunguza vitu, wakaacha besi na ngoma zitembee, wakamleta Ron Carter mzee wa besi wa jazz akapiga laivu, na rapa wao Phife ambaye albamu ya kwanza alikuwa haonekani sana akapewa nafasi akawa nusu ya kundi. Kundi la Public Enemy hivyo hivyo na albamu yao ya pili 1988, maprodyuza wao Bomb Squad walibaki wakaongeza moto. Rapa Biggie ndio ananisumbua kidogo, albamu yake ya pili Life After Death ina tracks 24 na maprodyuza kila kona na bado inasimama, ila Biggie alikuwa na uwezo wa kuingia biti ya mtu yeyote akaifanya ya kwake, na watu wa hivyo ni wachache mno.

Huku kwetu mfano wangu ni Professor Jay. Najua kuna mtu atasema alishakuwa kundi la Hard Blasters lililotoa Chemsha Bongo kwahiyo Machozi Jasho na Damu sio ya kwanza, sawa, lakini kama solo ndio ya kwanza, 2001, na Ndio Mzee ilimfanya hata mzee asiyependa bongo fleva asimame asikilize maana ule ujumbe wa mgombea anayeahidi kila kitu na umati unaitikia tu ulikuwa unamhusu kila mtu. Miaka miwili baadaye 2003 akaja na Mapinduzi Halisi na mi nasema wazi haikupungua hata kidogo. Zali la Mentali na Juma Nature, kile kisa cha mtu wa hali ya chini kupendwa na mwanamke mwenye hela zake, ni uandishi wa kiwango cha juu kabisa, unaona watu, unaona nyumba, unacheka, na huku kuna maswali ya utajiri na umaskini yanakutekenya. Na nani alikuwa pale Bongo Records albamu zote mbili? Prodyuza P-Funk Majani. Jay hakubadilisha chumba, alibadilisha visa.

Hivi sasa wengi wetu hata hatufiki albamu ya pili, ni singo juu ya singo, kila moja prodyuza wake, biti inanunuliwa mtandaoni, msanii na prodyuza hawajawahi hata kukaa meza moja. Vipaji vipo vingi sana, inauma kuona mtu anachana vile halafu hana Majani wake wala Havoc wake.

Nikirudi kwa Nas, maana huko ndiko ubishi utarudi tu. It Was Written mi naisikiliza nikiwa nimetoa Street Dreams, Nas Is Coming na Black Girl Lost. Zinabaki 11 pamoja na intro, baada ya intro inaanza na The Message na inafunga na Lauryn, na kwenye hizo 11 niko tayari kubishana na mtu yeyote wa Illmatic mpaka asubuhi.