Umeujaribu mlangoni?

Jana nimepita Mwanjelwa kuchonga ufunguo wa akiba, ule niliomuahidi mama jirani tangu Pasaka. Fundi kaupiga tupa, kapuliza vumbi la shaba, kanikabidhi. Halafu akasema, "Dada, ujaribu mlangoni kabla hujampa mtu, maana mwingine unafanana tu." Nikabaki nimesimama na chenji mkononi. Ile harufu ya chuma kilichopata moto ilinirudisha moja kwa moja chumba cha seva, usiku wa Saba Saba 2016.

Wakati ule tulikuwa na seva mbili za Operations Manager, programu ya Microsoft ya kuangalia kama mashine zinafanya kazi, zinafuatilia mashine zetu kumi na nne za UNIX na Linux, yaani Solaris na Red Hat. Zote mbili nilizitia kundi moja ili moja ikianguka nyingine ishike zamu, nikamwandikia bosi kwamba tayari, na kwenye skrini kweli ilionekana tayari, wanachama wawili, kijani tupu.

Usiku huo umeme ukakatika, UPS, ile betri ya akiba, ya chumba cha kwanza ikaishiwa, seva ya kwanza ikazima. Ya pili ikashika zamu kama nilivyopanga, na baada ya dakika chache meseji zikaanza kumiminika kwenye simu yangu, mashine zote kumi na nne hazipatikani. Kaka wa zamu akanipigia, "Dada, vyote vimekufa." Saa nane usiku, bodaboda toka mtaa wa Forest, na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua.

Nimefika na kitenge juu ya koti, nikaingia mashine ya kwanza kwa ssh, njia ya kuingia mashine kupitia mtandao. Ikaitika. Nikaandika df -h, amri ya kuona diski imejaa kiasi gani, ikajibu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Mashine zipo hai na seva yangu inasema zimekufa, nikawa sielewi ila sikuwa na muda wa kuelewa, maana kama seva haioni basi lazima nione mimi. Nikaenda moja moja, vidole vina ganzi, nakosea neno la siri narudia, taa ya jenereta inaishia koridoni kwa hiyo kaka kanimulikia kwa simu ile karatasi ya anwani za IP, namsikia anavyopumua, kila nikimaliza moja anaweka vema kwa kalamu bila kusema neno. Ya kumi na moja ilichelewa kujibu. Nikasubiri. /var, sehemu zinapokaa log, zile kumbukumbu za mashine, ilikuwa imejaa asilimia 98. Kaka akaacha kuandika. Nikahamishia log za zamani kwenye diski nyingine, nikaandika df tena, 71, ndo nikagundua nilikuwa nimeshika kona ya meza kwa nguvu mpaka mkono unauma.

Chanzo nilikipata alfajiri umeme uliporudi. Ajenti ya UNIX, kile kiprogramu kilicho ndani ya kila mashine, inakaa tu inasubiri kwenye poti 1270, mlango wake wa mtandao, seva ndo inaifuata kuiuliza hali, na kabla ya kuiamini inakagua cheti chake cha kidijitali, kinachothibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Vyeti vyote kumi na nne vilisainiwa na seva ya kwanza siku nilipozisajili mashine. Seva ya pili haikuitambua sahihi ile, ikazikataa zote. Kilichotakiwa ni amri ya scxcertconfig -export kwenye ya kwanza, itoe cheti chake kwenye faili, unalipeleka faili kwenye ya pili, unaandika -import, halafu unafanya vivyo hivyo upande wa pili. Ni kazi ya dakika tano, na ningejua siku ile ile ya kwanza kama ningeizima seva moja mchana kweupe nikaangalia.

Natoka getini mzee mlinzi akanisalimia, "Ugonile, mwanangu." Nikashindwa hata kuitikia vizuri.

Kwenye ripoti niliandika hitilafu ya umeme. Ni kweli umeme ulikatika. Ila ya vyeti sikuandika, na bosi alishastaafu, na sijui kama bado kuna haja ya kumtafuta nimwambie, au ni mimi tu ninayetaka kupumua.

Jana jioni nimejifungia ndani, nikampitishia mama jirani ufunguo dirishani, nikamwambia mama fungua. Unaingia, haugeuki. Kesho narudi Mwanjelwa.