Barua za wadhamini kwa kazi za chuo Marekani: zinaharibikia wapi

Kwa anayetafuta nafasi ya utafiti baada ya uzamivu katika idara za hisabati Marekani, maombi mengi hupitia MathJobs, mfumo wa Chama cha Hisabati cha Marekani (AMS). Huko barua huambatishi wewe. Unajaza jina na baruapepe ya mdhamini, yeye anaipakia mwenyewe, nawe unaona tu kwamba imefika. Kwa kawaida zinatakiwa tatu za utafiti na moja ya ufundishaji. Tarehe nyingi za mwisho ni Novemba na Desemba, kwa kazi ya kuanzia Agosti au Septemba mwaka unaofuata.

Matangazo ya ajira ya Tanzania yametuzoesha kuandika majina ya wadhamini watatu na namba zao za simu, basi. Kule barua yenyewe ni sehemu ya maombi, na ikikosekana maombi hayajakamilika.

Sasa tazama sentensi hii: "Ni kijana mwenye nidhamu, mchapakazi, na alihudhuria semina zote." Kwetu hizo ni sifa njema. Kamati ya ajira inaelewa kwamba mwandishi hana la kusema kuhusu utafiti wako. Linganisha na hii: "Sura ya tatu ya tasnifu yake inaondoa sharti ambalo kazi zote za awali zililitegemea. Wazo lilikuwa lake. Mimi nilidhani halitafanya kazi." Hapo msomaji ameona mtafiti. Kamati za Marekani hutarajia pia ulinganisho: mdhamini amesimamia wangapi, na wewe uko wapi kati yao.

Ndiyo maana ile kauli ya "andika mwenyewe, niletee nisaini" inaumiza. Huwezi kujilinganisha na wanafunzi usiowajua, na barua tatu zikitoka mkono mmoja, lugha inazisaliti. Profesa akikuambia hivyo, mjibu kwa heshima: "Mwalimu, nitakuandalia maelezo, barua naomba iwe yako." Kisha mpe ukurasa mmoja: matokeo yako mawili au matatu kwa lugha nyepesi, kipi kilikuwa wazo lako, kozi ulizofundisha na idadi ya wanafunzi, orodha ya nafasi na tarehe zake. Ambatisha CV na maelezo ya utafiti. Barua ya ufundishaji aiandike mtu aliyewahi kukaa darasani akakuona unafundisha.

Omba wiki sita kabla. Kumbusha zikibaki wiki mbili, tena zikibaki siku tano. Maprofesa wetu wana mitihani ya kusahihisha na hawachukii kukumbushwa kwa adabu. Kwenye mfumo jaza baruapepe yake ya chuo, si ya binafsi, ila hakikisha kwanza kwamba anaifungua. Mwaliko ambao mfumo humtumia ili apakie barua mara nyingi huishia kwenye folda ya barua taka (spam), kwa hiyo siku ileile mpigie simu umwambie autafute huko. Mwisho, mwombe aangalie nembo ya chuo, tarehe, saini, na jina la nafasi unayoomba. Barua ya mwaka jana yenye tarehe ya mwaka jana huonekana mara moja.