Papa au Mamba

Mwalimu wa mwanangu aliniomba niende darasani kuwaeleza watoto habari za Tanzania. Tulikuwa tukiishi Leicester, Uingereza, wakati huo. Alikwishabandika ukutani picha ya Mlima Kilimanjaro na ya simba, nadhani akitarajia nisimame pale nizitolee maelezo. Mimi mtu wa Makunduchi, kisiwani Unguja. Simba nimemjulia kwenye noti ya shilingi elfu mbili.

Basi nikaanza na Ukuti. Tukasogeza viti, watoto wakashikana mikono kwa duara, nikaimba: ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi, ukipata upepo, watete, watete, watetemeka. Wengi wao mnazi hawajapata kuuona, lakini upepo wanaujua vizuri. Kwenye “watetemeka” walichuchumaa wakitikisika mwili mzima, wakataka tena, na tena, mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Nilipowakalisha chini niliwafundisha kuitikia: nikisema Paukwa, wao Pakawa, na wakiitikia kinyonge hadithi haiji. Walipiga kelele hizo! Nikawapa ya kima na papa. Niliisikia kwa bibi yangu, kabla sijajua kwamba Askofu Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa Unguja. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anakula kuyu na kumtupia rafiki yake papa. Siku moja papa anambeba mgongoni ampeleke kwao, na katikati ya maji anamtobolea siri: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Ungeniambia mapema, anasema, maana sisi tukitembea mioyo yetu tunaiacha mitini.

Hapo mtoto mmoja wa Kigujarati akanyoosha mkono. Si papa, akasema, ni mamba. Tena si baharini, ni mtoni. Na anayetaka moyo si sultani, ni mke wa mamba. Nikamuuliza kayasikia wapi hayo. Kwa bibi yake. Darasa likagawanyika pande mbili. Mtoto wa Kisomali akanitetea kwa hoja kwamba papa ana meno mengi zaidi. Mwalimu akafungua ramani ya Afrika, hakuna aliyeitazama.

Yule mtoto alikuwa na haki yake. Hadithi hiyo imo katika Panchatantra ya Uhindi, na majahazi ya Gujarat yamekuja Unguja na kaskazi kwa karne nyingi. Sioni kwa nini yalete vitambaa yaache hadithi. Lakini sikumwambia. Sikutaka anishinde mbele ya wenzake.

Jioni, getini, akaja bibi mwenyewe, sari chini ya koti zito, mjukuu anamvuta mkono.

“Jambo, mama. Wewe ndiyo nasema papa?”

Kiswahili cha dukani, cha Jinja, alikozaliwa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wametoka Uganda, baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Bibi akaja, na maelfu wengine.

Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba. Sasa sikia. Papa nakaa mbali, kwa maji mingi. Nakutana wapi na kima? Mimi naona mamba kwa macho yangu, kule Nile.”

Nikamweleza kwamba mkuyu wetu matawi yake nusu yako nchi kavu na nusu baharini. Akanisikiliza kwa adabu, hakuamini hata neno moja.

“Na punda?” akauliza. “Ile punda hapana moyo, hapana masikio?” Ndiye punda wa kisa ambacho kima, akisharudi mtini, anamsimulia papa kumkatalia kushuka tena.

“Yupo, bibi. Wetu ni wa dobi.”

“Yetu pia ya dobi,” akasema, akaanza kucheka, mpaka wazazi wengine wakageuka.

Wiki iliyofuata mwalimu akamwalika yeye. Nilikwenda kusikiliza, nikakaa nyuma mkekani na watoto, na kila alipotaja mamba, mwanangu alininong'oneza: papa.