Mpichi wa nyuma ya banda: jinsi nilivyoutambua kwa jani lake

Watu watatu waliniambia, kila mmoja kwa wakati wake na kwa uhakika uleule, kwamba nikitaka mipichi mingine kama ule ulioota wenyewe nyuma ya banda langu la ng'ombe, huku juu ya Ngaramtoni, Arusha, karibu na msitu, nifukie kokwa zake na kusubiri. Mmoja wao alikuwa muuza miche, mtu ambaye nilidhani anaijua kazi yake. Ushauri huo ulinipotezea miaka minne, na hasira yake haijanitoka hadi leo.

Nianze na mti wenyewe. Hakuna aliyeupanda, nadhani kokwa ilikuja na taka za jikoni zilizomwagwa kwenye samadi. Huchanua wiki ya mwisho ya Julai, baridi ya Mlima Meru ikiwa bado haijaisha, kwa maua makubwa ya rangi ya waridi yanayotangulia majani, na matunda huiva katikati ya Novemba, wakati mapichi ya majirani zangu bado ni mabichi na huiva kuelekea Krismasi. Tunda moja nililolipima kwa mizani ya jikoni lilikuwa na gramu 110, na kwa rula upana wake ulikuwa milimita 61. Ganda lina vinyweleo vifupi, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kijani kidogo, na wekundu upande unaotazama jua. Hapa niseme jambo ambalo wachumaji wengi hulikosea: wekundu huo si dalili ya kuiva, kwa maana huja mapema, kinachotazamwa ni ile rangi ya chini, pale kijani kinapofifia. Nyama yake ni nyeupe, yenye michirizi myekundu karibu na kokwa, na ukilipasua tunda kwa kulizungusha mikononi, kokwa hubaki upande mmoja ikiwa kavu, ukaitoa kwa kidole. Sifa hiyo ya kokwa kuachia ndiyo iliyonifanya niupende mti huu kuliko mingine yote shambani.

Basi nikafukia kokwa. Niliambiwa kwamba mbegu ya pichi huhitaji baridi ili iamke, na hilo ni kweli, hivyo nikaziweka 30 kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya chombo cha plastiki, nikakiingiza kwenye friji kwa karibu miezi mitatu, jambo ambalo mke wangu alilivumilia kwa shida na ambalo siku moja lilimfanya mgeni wetu aulize kama hiyo ndiyo siagi ya siku hizi. Ziliota 19. Saba niliwapa ndugu, nikabaki na 12, nikazipanda kwa mstari ulionyooka, nikazitunza kama mayai. Mwaka wa tatu zikazaa, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Mti mmoja ulitoa mapichi ya njano. Mwingine ulitoa tunda zuri kwa macho lakini kokwa imeng'ang'ania nyama, mpaka uikwangue kwa meno. Mmoja ulikuwa mchungu kiasi kwamba hata watoto, ambao kwa kawaida hula pichi lingali gololi, waliutema. Hakuna hata mmoja uliokuwa mtoto halisi wa mama yake.

Jirani yangu ni bwana shamba mstaafu, mzee mpole anayependa kucheka. Nilimwendea nikiwa na tawi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta kesi gani leo?"

Nikamweleza. Hakuniuliza habari za tunda hata kidogo. Alichukua jani moja, akalisogeza karibu na macho, akanionyesha mahali ambapo kikonyo kinakutana na jani. Palikuwa na vidonge viwili vidogo, vidogo kuliko kichwa cha pini, vya mviringo, ving'avu kama vimepakwa mafuta. Akasema hizo ni tezi, na kwamba mipichi hugawanyika kwa tezi zake: ipo yenye tezi za mviringo, ipo yenye tezi zenye umbo la figo, na ipo isiyo nazo kabisa.

"Mpichi wenye tezi za mviringo ni chotara kwa sifa hiyo, umerithi ya figo upande mmoja na ya kukosa tezi upande wa pili," akasema. "Ukipanda kokwa zake, utapata aina zote tatu. Nenda kahesabu."

Nilikwenda nikahesabu miti yangu 12 kwa lenzi niliyoichomoa kwenye darubini mbovu ya mwanangu anayeongoza watalii. Saba ilikuwa na tezi za mviringo, mitatu ya figo, na miwili haikuwa na tezi, majani yake yakiwa na meno makali pembeni kama msumeno; miwili hiyo ndiyo iliyokuwa ikishambuliwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, kila mwaka nami nikidhani ni bahati mbaya. Yaani mchanganyiko ule ningeuona kungali mapema, miche ikiwa kwenye viriba, bila kusubiri tunda miaka mitatu.

Ikabaki kubebesha, yaani kuchomeka jicho, chipukizi lililolala la mti mama, kwenye ganda la mche mwingine. Kuhusu mara ya kwanza, nitasema ukweli wote. Nilikata vijiti vya macho kutoka mti mama mwezi Mei, nikavisimamisha kwenye ndoo, nikapasua maganda ya miche ya kienyeji kwa umbo la T, nikachomeka macho kumi, nikafunga kwa vipande vya nailoni kwa unadhifu ambao bado najivunia. Wiki mbili baadaye mzee alipita, akatazama mche wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akaketi chini kwa kicheko. Nilikuwa nimeyachomeka macho yote juu chini. Kikonyo cha jani hukaa chini ya jicho. Vyangu vyote vilikuwa juu yake. "Umewatundika kama popo," akasema. Mawili yalishika pamoja na hayo, yakachipua kuelekea ardhini kisha yakajikunja kwenda juu, kama mtu aliyeinama kutafuta sarafu. Tangu hapo kila kijiti nakikata mshazari upande wa chini na bapa upande wa juu, na hata usiku nisingekosea.

Mara ya pili ilikuwa wakati wa vuli, maganda yakiachia vizuri. Gharama ilikuwa ndogo: nailoni, wembe, viriba, labda elfu ishirini na kitu. Jani hukatwa, kikonyo kikaachwa kuwa mshikio, na baada ya wiki mbili hukigusa kwa kidole: kikidondoka chenyewe, jicho limeshika, kikikauka na kung'ang'ania, limekufa. Vinane kati ya kumi vilidondoka. Leo miti hiyo minane imezaa misimu miwili. Yote ina tezi za mviringo, maua makubwa, nyama nyeupe na kokwa inayoachia, na yote huiva juma moja.

Tanzania ina sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, nayo hutaka aina iwe mpya, ijipambanue na nyingine, ifanane mti kwa mti, na idumu na sifa zake. Kwa hiyo sasa nina daftari: tarehe za maua, uzito wa matunda kumi kila msimu, na majani yaliyokaushwa katikati ya magazeti. Lilinisaidia mapema kuliko nilivyotarajia, kwani jamaa mmoja wa ng'ambo ya mto alidai kwamba anao mti uleule tangu zamani. Nilimwomba jani moja tu. Lilikuwa na tezi za figo.

Muuza miche naye alipita Novemba iliyopita, akala mapichi manne akiwa amesimama, akaniomba kokwa akazioteshe auze. Nikampa mfuko mzima.