Shona kwanza, kata baadaye

Mimi ni fundi cherehani wa Tanga, na hakuna kitambaa kilichonitoa jasho kama kile wanachofuma akina mama wa San Juan La Laguna, kando ya Ziwa Atitlán huko Guatemala. Ni Wamaya wa Kitz'utujil. Mfumaji hufunga ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, kwenye nguzo, nyingine kwenye mkanda wa kiunoni, akaukaza kwa mgongo wake. Blauzi yao, huipil, huunganishwa kwa vipande vizima vizima. Mkasi hauna kazi kubwa.

Kikundi chao, nilichofanya nacho kazi huko, kilitaka kushona mikoba, maana wachuuzi walikuwa wakinunua kitambaa cha mwezi mzima kwa bei ya kutupa. Tukachanga, tukapata cherehani mbili kuukuu za miguu, kila moja quetzali, pesa ya Guatemala, elfu na ushei.

Fundi mmoja wa mjini akatushauri tukate kwanza, overloki (mashine ya kufunga ukingo nyuzi zisichomoke) baadaye. Mpaka leo ushauri ule unaniudhi. Overloki yenyewe hatuna! Doña mmoja, ndivyo wanavyomwita mama wa heshima, alileta kipande chekundu chenye ndege, nikapiga chaki, nikakata. Nyuzi zikaanza kuchomoka papo hapo. Kufika kwenye cherehani, upana wa vidole viwili umeshakwenda na ndege wa pembeni hawana mikia. Hakunigombeza. Aliziokota nyuzi moja moja, akazizungusha kidoleni, akazichomeka kwenye mshipi wake. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikageuza kazi. Chora kwa chaki, weka sindano namba 16, punguza hatua ya mshono iwe ndogo kabisa. Pitisha mshono upande huu wa chaki, mwingine upande ule, halafu mkasi upite katikati. Yule doña akachukua kipande, akavuta ukingo kwa kucha. Uzi ukachomoka kidogo, ukagota kwenye mshono. Akavuta tena kwa nguvu. Haukwenda.

“Sasa sawa, seño,” akasema, yaani bibie, na wote wakataka zamu.

Bitana ikatwe kubwa kidogo, kitambaa cha mkono hunyumbuka. Na pesa ya mkoba aanze kulipwa aliyefuma, kisha aliyeshona, inayobaki inunue uzi. Hapo nilisimama kidete.

Kile kipande cha kwanza tulikishonea kipochi cha bobini. Kinaning'inia kwenye cherehani ya mlangoni, na ndege wake wasio na mikia.