Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya mavuno na matarumbeta ya kanisa la zamani

Saa 10:45 alfajiri

Mwezi wa saba ukungu wa Usambara hauombi ruhusa, unaingia hadi kwenye viti vya mbele. Chumba cha vyombo vya muziki kiko ubavuni mwa madhabahu, na siku ya mavuno ndicho chumba cha kwanza kufunguliwa. Ukuta wake wa nje ulijengwa kwa mawe na chokaa, kisha miaka ya baadaye ukapigwa lipu ya saruji. Chokaa huruhusu unyevu kupita ukakauka nje, saruji inauzuia, basi maji yanatafuta njia upande wa ndani, lipu inabambuka na shaba inaota kutu ya kijani. Ndiyo maana vyombo vyetu vinalala kwenye rafu za mbao, shubiri mbili mbali na ukuta, na havigusi sakafu hata siku moja.

Vyombo ni 14. Matarumbeta sita, matatu ya sauti ya kwanza na matatu ya sauti ya pili. Sauti ya tatu ina baritoni tatu, ambazo ni kama tuba ndogo, na tromboni moja, yenye mrija wa kuvuta badala ya vali. Sauti ya nne ina tromboni mbili na tuba mbili, vyombo vikubwa vya sauti nzito. Kila kimoja kinapita mkononi mwangu kabla wapigaji hawajafika: kwenye vyenye vali, yaani vibonyezo vinavyobadilisha njia ya hewa, nazibonyeza moja moja, nasikiliza kama zinarudi juu haraka. Vali inayorudi polepole ina mafuta mabaya, springi iliyochoka, au uchafu. Mafuta ya vali ni matone matatu, basi. Mtu akikosa mafuta yenyewe asiweke ya kupikia, maana yanaganda kama gundi na vali inakwama katikati ya ubeti. Ya cherehani ni mazito kwa baridi hii. Mrija wa kurekebishia sauti unapakwa Vaseline kidogo sana. Mrija wa tromboni unalainishwa kwa krimu nyembamba na maji ya kunyunyiza, na ukibonyea hata kidogo tu unakwaruza kila unapovutwa, kwa hiyo tromboni haiegemezwi kwenye kiti, inalazwa.

Wanaotuona barazani siku ya sikukuu hudhani kazi hii ni mapafu. Sehemu kubwa ni hii hapa, gizani, na kitambaa cha pamba.

Saa 1:00 asubuhi

Kengele ya kwanza. Ya pili itapigwa saa 2:00, ya tatu ibada inapoanza saa 3:00.

Kengele haihitaji misuli, inahitaji kuvutwa kwa wakati. Unavuta kidogo, unaiachia iende, unavuta tena inapoanza kurudi. Ukivuta kinyume, ulimi wake unatembea pamoja na kengele yenyewe na hakuna mlio, au unagonga mara moja hafifu na watu wa bondeni wanadhani kuna msiba. Kamba ni ya katani, na katani ikinywa ukungu inavimba na kuwa fupi, hivyo asubuhi kama hii fundo la mkononi linapanda juu na mpigaji mfupi anasimama kwenye kigoda. Inapopita kwenye tundu la dari ndipo inapolika. Tunaikagua kila mwezi na kuifunga ngozi mahali hapo. Kabla ya msimu wa maua tunakagua pia kama nyuki wamehamia mnarani. Wakishahamia, kengele haipigwi mpaka mtaalamu wa mizinga aje usiku awahamishe.

Saa 1:30

Wapigaji wameingia, kofia za sufu kichwani. Hatuanzi na wimbo. Dakika tano za kwanza ni kupuliza hewa ya moto ndani ya chombo bila kutoa sauti, kisha nota ndefu za chini. Sababu ni fizikia tupu: hewa baridi iliyo ndani ya mrija inashusha sauti, ikipata joto inapanda. Tarumbeta lina mrija wa karibu mita moja na nusu, pumzi inalipasha joto haraka. Tuba ina karibu mita tano na nusu, inachelewa. Ukirekebisha sauti mapema, tarumbeta na tuba zitakubaliana saa 1:40 na kugombana saa 2:00. Kwa hiyo tunasubiri, ndipo tunarekebisha kwa kufuata tuba, kutoka chini kwenda juu. Anayesikika juu anavuta mrija wake nje kidogo, anayesikika chini anausukuma ndani.

Saa 2 na kitu: mgeni

Kila sikukuu huja mmoja. Kijana amerudi kutoka mjini na tarumbeta lake zuri kwenye mkoba, anasimama mlangoni.

"Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Naomba kuungana nanyi leo."

"Amina, karibu. Umejifunzia wapi?"

"Bendi ya shule."

Hapo najua nusu saa yangu imekwisha. Si kwamba kijana hajui. Mara nyingi anapiga vizuri kuliko nusu ya kundi. Tatizo ni jinsi tunavyosoma nota. Bendi za shule na za majeshi hutumia karatasi zilizoandikwa mahususi kwa tarumbeta la B flati: nota inaandikwa C, mpigaji habonyezi kitu, na kinachotoka ni B flati, sauti iliyo toni moja chini ya C. Sisi tunasoma kitabu kilekile cha nyimbo kinachosomwa na kwaya na mpiga kinanda, kama kilivyo. Kwetu chombo kisichobonyezwa kinaitwa B flati, kwa jina lake halisi, na C ya chini inapatikana kwa kubonyeza vali ya kwanza na ya tatu.

Utaratibu huu una historia. Wamisionari wa shirika la Kijerumani lililokuja kuitwa Misheni ya Bethel walifika Mlalo, hapa Usambara, mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895, wakitoka katika Ujerumani ya vikundi vya matarumbeta vya makanisani. Johannes Kuhlo, aliyefanya kazi huko Bethel, Ujerumani, na baba yake Eduard ndio waliosimamia wazo kwamba wapuliza shaba wasome nota za waimbaji, ili kundi lolote la kijijini liweze kufungua kitabu cha nyimbo na kupiga sauti nne bila kunakili chochote. Kwa kanisa lisilo na mashine ya kunakili, hiyo ni hazina. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963 usomaji huu ulikuwa tayari umekomaa milimani.

Sasa mgeni wetu anafungua kitabu, anaona C, anapuliza bila kubonyeza, na kinachotoka kiko chini ya wenzake kwa toni nzima. Wimbo wote. Kila nota. Anajisikia yuko sawa kwa sababu vidole vyake viko sawa, na anazidisha nguvu ili asikike. Kumwambia "panda toni moja" kichwani mwake, ubeti kwa ubeti, ni kumtesa mbele ya watu. Dawa tunayo: daftari la nyimbo 40 zinazoimbwa zaidi, sauti ya kwanza na ya pili, zilizonakiliwa kwa mkono toni moja juu. Wimbo ulio E flati umeandikwa F, ulio F umeandikwa G. Kwake daftari hilo linasomeka kama karatasi za bendi yake, nasi tunasikia sauti sahihi. Lakini daftari halina nyimbo zote, na mchungaji akibadilisha wimbo wa baada ya mahubiri, kijana anashusha chombo magotini na kuimba. Haya yote inabidi kuyaeleza kwa heshima, kwa sauti ya chini, huku kengele ya tatu ikisubiri mtu na mama wa kwaya akiuliza tutaanza na wimbo namba ngapi.

Saa 3:00

Ibada. Kanisa limejaa hadi ngazini, kwa hiyo watu wenyewe wanameza mwangwi na sauti inakuwa kavu kuliko wakati wa mazoezi. Tunapiga mstari wa mwisho wa wimbo kama mwanzo, pumzi moja, kisha usharika unaingia.

Hapa ndipo pagumu pasipoonekana. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka tulipokaa hadi mlango mkuu ni mita 28, hivyo wa nyuma wanatusikia wakiwa wamechelewa kidogo, wanaimba, na uimbaji wao unaturudia ukiwa nyuma yetu kwa karibu sehemu moja ya sita ya sekunde. Ukiwasubiri, nao watakusubiri, na kufikia ubeti wa nne wimbo umelala. Mpigaji wa shaba lazima apige kwa kufuata mkono wa mwongozaji na kuyafumba masikio kwa kinachotoka nyuma. Tuba ndizo zinazobeba jambo hili. Tuba mbili zikikanyaga pigo kwa uhakika, watu 600 watafuata; zikisita, hakuna tarumbeta litakalowavuta. Tunapumua pale penye mkato wa maneno, pamoja na waimbaji, hata kama mapafu yangeweza kuendelea.

Nyimbo tisa, mahubiri, matangazo, sadaka.

Saa 6 mchana, mnada

Watu wa nje husimulia ibada. Sisi tunaopuliza tunakumbuka mnada.

Mazao yaliyoletwa madhabahuni yanatolewa uwanjani: madebe ya mahindi, maharage, viazi, karoti, kabichi, mikungu ya ndizi, peasi, majogoo yaliyofungwa miguu, mayai kwenye kikapu. Mnadishaji anapanda kwenye benchi. Kila kinachonunuliwa, matarumbeta yanapiga kibwagizo, mama wanapiga vigelegele, mnunuzi anatunzwa. Yai moja linaanza kwa sh. 500. Linafika sh. 2,000, mnunuzi anasema "nalirudisha," linanadiwa upya, mwingine anatoa sh. 5,000 naye analirudisha. Nimeona furaha ya watu ikiwa kwenye yai hilo kuliko kwenye gunia. Ila kila mkono linaopita ni kibwagizo kingine.

Piga hesabu. Kibwagizo ni sekunde 20. Mauzo 90 ni nusu saa kamili ya kupuliza, juani, baada ya ibada nzima, na mnadishaji hatangazi lini atasema "limekwenda", kwa hiyo chombo kinakaa karibu na mdomo muda wote. Kinachochoka ni misuli midogo inayozunguka midomo, mapafu bado yana akiba. Ikichoka, mpigaji anafanya kosa lilelile: anagandamiza chombo mdomoni ili nota ya juu ipatikane. Inapatikana, mara mbili, tatu. Lakini mgandamizo unazuia damu, mdomo unakufa ganzi, unavimba, na baada ya hapo hata nota ya katikati haitoki, inatoka hewa tu. Vijana wa sauti ya kwanza ndio wanaoumia, maana shangwe inawapandisha.

Kwa hiyo tunajigawa makundi mawili ya watu saba: matarumbeta matatu, baritoni na tromboni tatu, tuba moja. Kundi moja linapiga mauzo kumi, lingine linashusha vyombo, linakunywa maji, linalegeza midomo kwa kuitikisa kama farasi anavyofanya. Vibwagizo vyenyewe tumeviweka chini, kwenye B flati, hakuna anayevuka F ya juu. Mtu akipiga kelele "pandisheni!", tunaongeza tuba. Na ngozi ya mdomo ikianza kupasuka, huyo anapumzishwa hata kama ni mpigaji bora, kwa sababu wimbo wa kufunga bado uko mbele na unataka sauti ya kwanza safi.

Halafu maji. Kila mapumziko vitobo vya maji vinafunguliwa na chini panakuwa na madimbwi, watoto wanacheka, "wanatema mate!" Mengi si mate. Ni mvuke wa pumzi uliokutana na shaba ukageuka maji. Usipoyatoa, chombo kinakoroma kama kiko na mafua.

Jua limeshapinda. Majogoo mawili bado. Kuna mahindi ya mtaa wa juu yaliyochelewa kwa sababu ya barabara, na hayawezi kuachwa bila kunadiwa, watu wametembea nayo. Mnadishaji naye amekaukiwa. Tunapiga.

Jioni

Wimbo wa kufunga ulitoka vizuri. Sauti ya kwanza ilisimama hadi mwisho, na mgeni alikuwa nao, daftari likiwa wazi mbele yake.

Wazee wa kanisa wako ofisini wanahesabu, wawili wawili, na kuandika kila kiasi kabla ya kusaini. Sisi tuko kwenye ngazi na vyombo. Mirija yote inatolewa, maji yanamwagwa, vitambaa vinapita ndani. Vyombo havioshwi leo. Kuosha ni mara moja kwa mwezi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, maana maji ya moto yanabambua rangi ya juu. Leo ni kukausha tu, lakini kukausha kwelikweli, kwa kuwa chombo kikilala na maji usiku wa baridi, Jumapili ijayo vali zitakuwa zimeshikana.

Mikono mizito, midomo haihisi chai. Kijana wa mjini ameomba anakili nyimbo kumi zaidi kwenye daftari kabla hajaondoka keshokutwa. Amekaa ukutani na kalamu, mwanga unamwishia.

Ninaandika kwenye kitabu cha fundi: Tarumbeta 3, springi ya vali ya pili ni dhaifu. Baritoni 1, mrija wa kurekebishia umekaza, usilazimishwe. Tuba 2, kitobo cha maji kinavuja, kizibo kipya. Kamba ya kengele, ngozi ya darini imelika upande mmoja.