Kidonda Kisichouma Kilichotaka Kunipumbaza

Shoga yangu aliniambia kwamba kidonda kisichouma hakina neno, tena kwa uhakika wa mtu aliyesomea udaktari. Changu kilikuwa kimoja tu, kwenye shavu la uke, kigumu pembeni kama kifungo, hakiwashi wala hakichomi. Dawa aliyonipa ni kufungua kapsuli ya tetrasaiklini na kunyunyizia unga wake. Nikajifungia bafuni, nikachuchumaa juu ya kioo kidogo, na mara tu nilipoanza kunyunyiza nikapiga chafya: unga ukatua kwenye taulo, ukutani na puani mwangu, kila mahali isipokuwa palipokusudiwa. Kufikia siku ya tatu nilikuwa hodari wa kulenga shabaha, lakini kidonda hakikutikisika.

Nilipopima damu kuangalia kaswende majibu yakawa hasi, nami nikashangilia, mpaka muuguzi alipokitazama kidonda chenyewe. Alinieleza kwamba kaswende ikiwa changa kipimo cha damu huweza kuikosa, na kwamba kidonda kile kingejifunga chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 huku bakteria wakiendelea kusambaa mwilini. Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli, kwa kuwa kingejifunga, shoga yangu angejipongeza na unga ule ungepata sifa! Vingekuwa vilengelenge vyenye maumivu, alisema, angefikiria malengelenge ya sehemu za siri, ambayo vidonge vyake hufaa zaidi vikianzwa mapema, hasa ndani ya siku 3 za mwanzo.

Alihakikisha kwanza kuwa penisilini hainidhuru, kisha akanichoma benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, nusu kila tako. Usiku nikapata homa na kutetemeka, ila alikwisha kunionya kwamba hali hiyo hutokea bakteria wanapokufa na huisha ndani ya siku moja. Kipimo cha VVU nilifanya siku ileile, na kukirudia baadaye, kwa sababu kidonda hurahisisha virusi kupenya.

Kazi ilikuwa mume wangu, ambaye bila kutibiwa angenirudishia ugonjwa. Sikumhoji wala kumtuhumu. Nilimkabidhi kadi na kumwambia kwamba matibabu yameandikwa kwa watu wawili, na mmoja amekwisha kumaliza zamu yake. Aliyekuwa akinicheka nilivyochechemea alichechemea siku mbili zaidi yangu.